Mkono Unaosikia Huokoa Jicho



Zamu ikiisha unavua kofia ngumu, unarudisha miwani ya kinga mahali pake, unapita langoni na kuelekea nyumbani. Wengi wetu tunaziacha kanuni za usalama hapo langoni pamoja na vifaa vya kazi. Lakini macho mawili uliyoingia nayo asubuhi unatoka nayo, na vidole vyako kumi pia. Chuma kinachoruka hakiulizi kama uko kazini au uko nyuma ya nyumba yako siku ya mapumziko.

Leo ukurasa huu unazungumza nawe uliye fundi, mwenye mashine ndogo ya kukereza chuma nyumbani, ile tuliyoizoea kwa jina la Kifaransa, tour. Tutakuonyesha namna ya kuibadilisha sehemu moja ya mashine hiyo ili iendeshwe kwa wenzo (levier) badala ya gurudumu la mkono. Tutakueleza pia kwa nini badiliko hilo dogo linahusu afya yako, na si wepesi wa kazi peke yake.

FUNDI WA KIJIJI NA KAZI YAKE

Fundi mwenye mashine kama hiyo katika Masisi au Walikale ni mtu wa thamani. Mmoja anamletea pini ya kinu cha muhogo, mwingine ekseli ya pikipiki. Wa tatu anasukuma chukudu lake lililolegea gurudumu. Chukudu unalijua: ni la mbao, linabeba viazi, makaa na magunia kutoka milima ya Masisi hadi Sake na Goma, na watu wa Goma walilijengea sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu mwaka 2009. Chombo chote ni mti, lakini katikati ya gurudumu panahitajika chuma kilichotobolewa sawasawa. Tundu likiwa la kupinda, gurudumu linayumba, na mtu anayeteremka mlima na mzigo mzito yumo hatarini.

Ufundi huu una historia kwetu. Kampuni ya SOMINKI ilizaliwa mwaka 1976 kwa kuunganisha makampuni yaliyokuwa yakichimba bati na dhahabu katika Kivu na Maniema. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka duniani, na uchimbaji wa kampuni ukadhoofika. Kuanzia miaka ya 2000 Bisie, katika Walikale, ikajulikana kwa kasiteriti iliyobebwa mgongoni kupita msituni, na mwaka 2019 kiwanda cha kisasa kikaanza kutoa bati huko. Migodi hufunguka na kufungwa, lakini mtu aliyejifunza kukereza chuma anabaki na ufundi wake mikononi. Kinachobaki ni kuitunza mikono yenyewe.

KWA NINI MESHI INAVUNJIKA

Tazama mashine yako. Upande wa kushoto kuna mandreni, yaani kichwa chenye taya tatu kinachoshika kipande cha chuma na kukizungusha. Upande wa kulia kuna kichwa cha nyuma, ambacho Wafaransa wanakiita poupée mobile. Ndani ya kichwa hicho mna bomba la chuma linalosonga mbele na nyuma bila kuzunguka. Mdomoni mwa bomba unatia meshi, yaani keekee la kutobolea chuma. Nyuma kuna gurudumu la mkono. Ukilizungusha, skrubu iliyomo ndani inalisukuma bomba mbele.

Sasa tufanye hesabu. Chukua skrubu ambayo kwa kila mzunguko inasogeza bomba milimita 1.5. Unataka kutoboa tundu lenye kina cha milimita 30, basi utazungusha mara 20 kuingia. Lakini meshi inapozama, chenga za chuma zinajaa katika mifereji yake. Fundi mzuri anairudisha nje, anazipangusa, anatia mafuta, anaingia tena. Akifanya hivyo mara tatu tu, kwenye kina cha milimita 18, 22 na 26, hesabu nzima ya kuingia na kutoka inapita mizunguko 120.

Je, nani anazungusha mara 120 kwa tundu moja, mteja akiwa amesimama mlangoni na jenereta inakula mafuta? Seme ukweli, ndugu. Unafanya mara moja, kisha unasema: "Hii milimita nne iliyobaki, acha niimalize." Hapo chenga zinabana, meshi inapata moto, inakwama. Mandreni haisimami. Meshi inakatika kwa kishindo, na kipande chake kinaweza kukurukia usoni.

Kuna sababu ya pili. Gurudumu na skrubu vinaongeza nguvu mno. Mkono ulio kwenye kishikio, milimita 40 kutoka katikati, unasafiri kama milimita 251 ili bomba lisogee milimita 1.5. Ukiacha msuguano, nguvu ya mkono inazidishwa mara 167 hivi. Kwa hiyo vidole viwili tu vinaweza kuivunja meshi bila wewe kusikia lolote. Meshi inateseka mbele, lakini mkono ulioko nyuma hauna habari.

WENZO UNAFANYA KAZI GANI

Wenzo ni fimbo inayoegemea mahali pamoja, unaisukuma upande mmoja nayo inasukuma mzigo. Mzee anayeinua gogo kwa mti mrefu anatumia wenzo. Katika kichwa cha nyuma tunaondoa skrubu na gurudumu, tunaweka wenzo unaolisukuma bomba moja kwa moja. Kishikio kikiwa milimita 300 kutoka kwenye egemeo, na bomba likiungwa milimita 60 kutoka kwenye egemeo hilo, nguvu inazidishwa mara 5 tu. Ukisukuma kwa uzito wa kilo 10, meshi inapata kilo 50.

Faida zake ni mbili. Kwanza, mkono unasikia. Meshi ikikata vizuri, unasikia mwendo mlaini. Ikijaa chenga, unasikia mtetemo na ugumu. Ikikaribia kutokea upande wa pili, unasikia inalegea. Pili, kutoka na kuingia ni mvuto mmoja wa mkono. Kusafisha meshi hakukupotezei wakati tena, kwa hiyo huna sababu ya kuruka hatua hiyo. Ajali nyingi hazitoki kwa mtu asiyejua kanuni. Zinatoka kwa mtu anayeijua lakini kanuni inamchosha. Ukikifanya kitendo cha usalama kiwe chepesi, utakitenda.

JINSI YA KUUTENGENEZA

1. Vua gurudumu, skrubu na kifuniko cha nyuma. Usivitupe. Vipake mafuta, vifunge katika kitambaa, viweke. Utavihitaji tena, kama tutakavyoeleza.

2. Pima mwendo wa bomba. Hapa tunachukua milimita 60. Mwendo wako ukiwa mwingine, badilisha vipimo vinavyofuata.

3. Kereza fimbo ya chuma itakayoingia nyuma ya bomba, mahali ilipokuwa skrubu. Angalia: skrubu za kichwa cha nyuma kwa kawaida zimekatwa kwa upande wa kushoto. Ikiwa mashine yako haiwezi kukata meno ya kushoto, kereza fimbo laini iingie kwa kubana, kisha uifunge kwa pini inayopita ubavuni.

4. Toboa fimbo hiyo katikati kutoka mwisho hadi mwisho. Wengi wanasahau jambo hili. Shina la kifaa kinachoshika meshi ni la mchongoko, la namna iliyoitwa Morse kwa jina la Mmarekani Stephen Morse wa karne ya 19. Linakaa kwa kubana tu. Zamani skrubu ndiyo iliyokuwa ikilisukuma litoke. Skrubu ikiondoka, utahitaji kupitisha chuma chembamba katika tundu la fimbo na kuligonga kidogo kutoka nyuma. Bila tundu hilo utaanza kupiga nyundo ovyo, na hapo vidole vinaumia.

5. Kata vipande viwili vya bamba la chuma lenye unene wa milimita 8. Vifunge kwa bolti nyuma ya kichwa, mahali kilipokuwa kifuniko. Hivi ndivyo vitakavyobeba egemeo. Usivilehemu kwenye kichwa chenyewe: chuma cha kuyeyushwa hupasuka kwa moto wa ghafula.

6. Tengeneza wenzo kwa chuma bapa cha milimita 25 kwa 10. Toboa tundu la chini kwa egemeo, na la pili milimita 60 juu yake kwa pini ya fimbo. Kishikio kiwe milimita 300 kutoka tundu la chini. Kwa vipimo hivi wenzo utazunguka nyuzi 60 kwa mwendo mzima wa bomba: 30 nyuma na 30 mbele.

7. Usifunge tundu la chini moja kwa moja kwenye mabamba. Wenzo unapozunguka, pini yake hupita katika upinde, lakini bomba husonga katika mstari ulionyoka. Tofauti yake hapa ni milimita 8 hivi. Kwa hiyo weka kiungo kifupi kati ya wenzo na mabamba, chenye pini huku na huku, kiweze kucheza. Bila kiungo hicho wenzo utakwama na bomba litalika upande mmoja.

8. Weka kishikio cha mviringo, kilaini, kisicho na ncha. Kipande cha mti mgumu kilichokerezwa vizuri kinatosha.

VIFAA VIWILI USIVYOVIACHA

Hadi hapo mashine itafanya kazi, na fundi mwenye haraka ataona amemaliza. Ngoja kidogo, ndugu. Wenzo nao una hatari yake. Skrubu ilikuwa nzito na ya polepole, lakini ilikuwa inaizuia meshi isijivute yenyewe mbele. Wenzo hauizuii. Meshi inapotokea upande wa pili, au inapotoboa shaba ya njano, inaweza kuuma chuma na kujivuta kwa ghafula. Mkono wako unavutwa nayo kuelekea kwenye mandreni inayozunguka.

Kwa hiyo weka kizuizi. Ni pete ya chuma kwenye fimbo, nyuma ya mabamba, inayofungwa kwa skrubu ndogo. Kabla ya kutoboa, mashine ikiwa imezimwa, sogeza bomba hadi mwisho unaoutaka kisha uifunge pete pale. Bomba halitapita hapo hata likivutwa. Hakikisha pia kwamba kishikio kikifika mbele kabisa, mkono wako bado uko mbali na mandreni.

Kisha weka springi inayovuta wenzo nyuma. Ukiuachia kwa sababu yoyote, meshi itoke kwenye kazi, isiingie. Wenzo usio na springi unaweza kuanguka mbele kwa uzito wake mwenyewe wakati umeinama kuokota kitu.

Kwa shaba ya njano kuna dawa nyingine. Chukua jiwe la kunolea, usugue kidogo makali ya mbele ya meshi hadi yapoteze ule ukali wa kuuma. Itakwangua badala ya kujivuta. Tenga meshi hizo, uziwekee alama, zitumike kwa shaba tu.

Na lile gurudumu la zamani? Lirudishe unapotoboa tundu kubwa. Kwa mashine ndogo tunakushauri wenzo usipite meshi ya milimita 8 au 10. Lirudishe pia unapokereza chuma kirefu kinachoshikiliwa na ncha ya kichwa cha nyuma. Wenzo ukilegea, ncha inaachia, na chuma kirefu kinachozunguka kinaruka kama rungu. Usikishikilie kamwe chuma kirefu kwa wenzo na springi.

KABLA YA KUWASHA

Jaribu kwanza mashine ikiwa imezimwa. Sogeza wenzo mara kumi. Usikie kama unakwaruza mahali popote. Kisha toboa kipande cha mti, ndipo ujaribu chuma laini.

Chagua mwendo unaofaa. Kwa chuma laini na meshi ya kawaida, makali yasafiri kama mita 25 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 1,300 kwa dakika kwa meshi ya milimita 6, na 800 kwa meshi ya milimita 10. Meshi ikiwa nene, mwendo upungue.

Zama hadi mara tatu ya unene wa meshi. Kwa meshi ya milimita 6, hiyo ni milimita 18. Kisha toka, safisha, tia mafuta. Toka hapo uingie kidogo kidogo, na kila mara utoke. Ukisikia kwa mkono kwamba upande wa pili umekaribia, punguza nguvu.

Na haya uyajue kwa moyo:

- Vaa miwani ya kinga. Miwani ya jua si miwani ya kinga.
- Usivae glavu mbele ya chuma kinachozunguka. Wengi wanadhani glavu ni kinga. Hapa inakamatwa na kuvuta mkono wote.
- Kunja mikono ya shati juu ya kiwiko. Vua mkufu, saa na pete. Mwenye nywele ndefu azifunge, mwenye kitenge akikaze au akivue.
- Usiguse chenga na nyuzi za chuma kwa vidole wala kwa kitambaa. Zima mashine, tumia burashi.
- Ufunguo wa mandreni usikae ndani ya mandreni hata dakika moja. Mkono ukiuachia, ufunguo uwe mezani.
- Umeme ukikatika, zima swichi papo hapo. Ukirudi wakati umeinama juu ya mashine, mandreni itaanza kuzunguka bila kukuambia.
- Watoto wasimame nje ya mlango. Wanapenda kutazama, na chenga zinaruka kufikia kimo chao.

CHUMA KIKIINGIA JICHONI

Usisugue. Kipande kidogo kilicholala juu ya jicho kinaweza kutoka kwa maji safi mengi. Lakini kilichochoma jicho usikitoe mwenyewe, wala usimwachie jirani akitoe kwa ncha ya kitambaa au kwa sindano. Funika jicho kwa kikombe safi kisicholigusa. Funika na lile zima, kwa sababu macho mawili hutembea pamoja. Mgonjwa atulie, apelekwe hospitali. Hata kama maumivu ni madogo, meshi iliyovunjika ikiruka usoni na kuona kukapungua, nenda siku hiyo hiyo. Chuma kilichobaki ndani kinaweza kupofusha polepole.

Sasa fikiri mahali tunapoishi. Bisie iko kama kilomita 180 kutoka Goma, na katika vijiji vyetu vingi safari ya mgonjwa ni ya pikipiki katika matope. Mvua inakata barabara. Vita pia vinaikata: mwezi Machi 2025 kazi katika mgodi wa Bisie ilisimamishwa kwa majuma kadhaa kwa sababu ya mapigano. Siku kama hizo meshi iliyovunjika haipatikani nyingine dukani, na jicho lililochomwa halina njia ya kumfikia daktari wa macho. Mtu anayeishi mbali na hospitali anahitaji kinga zaidi ya anayeishi jirani nayo, wala si pungufu.

Wazee walisema ajali haina kinga. Tunawaheshimu, lakini ajali hii ina kinga yake: pete moja ya chuma, springi moja, miwani, na wenzo unaoufanya usafi wa meshi kuwa kazi ya mvuto mmoja. Mwenye mashine anaweza kuitengeneza kwa siku mbili za mapumziko, kwa vyuma alivyo navyo.

Basi mteja akija na chukudu lake na kusema, "Fundi, fanya haraka, nateremka Sake leo," mkaribishe aketi. Vaa miwani. Funga kizuizi. Toboa, toka, safisha, ingia tena. Atapata bushi iliyonyooka, nawe kesho utaiona njia ya kwenda kazini kwa macho mawili.